Jina Katika Matangazo

Nina sauti nzuri ya kusoma. Sijisifu, nimeambiwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kukanusha sasa kungekuwa kujifanya. Nilifundisha darasa la tatu karibu maisha yangu yote ya kazi, na mwalimu wa darasa la tatu anaishi kwa imla. Unasoma sentensi, unanyamaza, unaisoma tena, na watoto sitini wanaandika. Ukiyumba kidogo, watoto sitini wanakosea. Nilipostaafu na kubaki kwenye nyumba yetu ya Ipagala, wazee wa kanisa walinikabidhi kazi ya kusoma matangazo ya Jumapili, na hakuna aliyeuliza nani mwingine angefaa.

Matangazo si jambo dogo. Wakati wa mahubiri mtu anaweza kusinzia na akasamehewa, ila yakifika matangazo hata vikongwe wanakaa sawa. Ndoa zinazotarajiwa, nani kalazwa, kwaya ifike saa ngapi, jumuiya gani ina zamu ya kufagia, nani aliacha mwavuli wake mwezi jana na bado hajauchukua. Na mara mbili au tatu kwa mwaka, mwishoni kabisa, kabla hatujatoka nje kwenye mnada wa sadaka za vitu, yanasomwa majina ya waliotengwa.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu, mshiriki akionekana amefanya jambo la kuliaibisha kanisa, baraza la wazee linakaa na kumweka kando. Mara nyingi ni binti aliyebeba mimba kabla ya ndoa. Haji tena mezani pa Bwana. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, pale penye vumbi, na mtoto wake habatizwi mpaka mama mwenyewe arudi kundini: asimame mbele ya watu, aulizwe maswali, ajibu, kisha wazee wampe mkono mmoja mmoja. Wanaume waliohusika nao hutengwa wakijulikana. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye baraza, wamejulikana wawili.

Siandiki haya kumlaumu mtu. Kila kura iliyopigwa nilikuwepo, na mkono wangu haukuwahi kuwa wa mwisho.

Nilitaka kumpendeza Mungu. Nasema hivyo bila kejeli yoyote, maana ndicho kitu pekee nilichokitaka tangu mume wangu afariki na kuniachia mtoto mmoja wa kike. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga magoti kwenye ngozi ya mbuzi aliyoiacha mama yangu, nikachana karatasi ya siku kwenye kalenda ya ukutani, nikasoma mstari wake. Nikafagia uwanja kabla upepo wa Dodoma haujaamka kunifagia mimi. Jumanne nilitembelea wagonjwa. Alhamisi nilifunga. Jumamosi alfajiri jumuiya ilikutana nyumba kwa nyumba, na mimi nilifika wa kwanza hata kama nyumba yenyewe ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu. Sikusengenya, ingawa nilisikiliza. Maisha ya kumpendeza Mungu, nilivyoyaelewa, yalikuwa kama daftari la mwanafunzi mwangalifu: hakuna doa, na pambizo zimepigwa rula.

Binti yangu aliniambia kuhusu mimba akiwa anachambua mchele. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuinua macho kwenye ungo. Baba wa mtoto alikuwa mmoja wa waliokuja na ujenzi wa barabara, na barabara ilipokwisha naye akawa amekwisha. Sikumpiga, wala sikupaza sauti. Nilimuuliza kama amekula. Kisha nikajifunga kitenge na kwenda kwa mchungaji siku ileile, kabla jirani yeyote hajanitangulia.

Mchungaji wetu ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alininawisha maji kwanza, akanikaribisha chai, ndipo nikamweleza. 

"Mwalimu, si lazima tulipeleke kwenye baraza mwezi huu," akasema. "Tunaweza kusubiri."

"Tusubiri nini? Kwa mabinti wa wengine tulisubiri?"

Akanimiminia chai nyingine, na mimi nilifurahi kwamba nimemshinda. Kwenye baraza nilinyosha mkono wa kwanza. Nilifanya hivyo ili mtu asije kusema mwalimu anawafungia nje watoto wa wenzake huku wa kwake kamfungulia dirisha. Wazee walitazamana. Mchungaji akasema Jumapili ile angemwomba mzee mwingine asome. Nikakataa. Nilisema karatasi ya matangazo ni kazi yangu, na kazi ya Mungu haichaguliwi ile laini ukaacha ile ngumu. Nilipenda jinsi maneno hayo yalivyosikika.

Asubuhi ya Jumapili tulikunywa chai pamoja. Nikamwambia, "Leo nitasoma jina lako. Baki nyumbani."

"Sawa, mama," akasema, na akaninyoshea kola ya gauni kwa nyuma, maana ilikuwa imejikunja.

Majina yalikuwa manne. La kwake lilikuwa la tatu. Nililisoma kama nilivyosoma tangazo la kwaya, majina yake yote matatu, lile la mwisho likiwa la baba yake. Sikukwama. Sikumeza mate. Nilisoma la nne, nikakunja karatasi, nikasema, "Hayo ndiyo matangazo yetu, Bwana ayabariki," nikaketi.

Halafu tukatoka nje kwenye mnada. Kwetu asiye na pesa huleta alichonacho, kuku, mayai, debe la uwele, na waumini wanavinunua pale uwanjani kwa ajili ya kanisa. Kitu cha kwanza siku ile kilikuwa jogoo mwekundu, mkubwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima ninayemheshimu mpaka leo, akapandisha bei mpaka wenzake wakamwachia. Kisha akamshika yule jogoo na kuja naye mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Huyu namnunulia mwalimu wetu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Leo mmeuona Ukristo. Msimamo ndio huu."

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikapokea jogoo.

Nilibaki mpaka mnada ulipokwisha, nikapewa mikono mingi, kisha nikaenda nyumbani nimemshika jogoo miguu, kichwa chini. Binti yangu alikuwa jikoni, uso umelowa jasho, nikafikiri ni joto la jiko. Alimpokea jogoo mikononi mwangu. Hakuuliza katoka wapi. Alimchinja, akamnyonyoa, akampika na nyanya na karoti, akasonga ugali mweupe tunaoupika siku za wageni. Tulikula wawili. Nyama ilikuwa ngumu kidogo.

"Ongeza mchuzi, mama," akaniambia.

Nikaongeza.

Jumanne akasema anakwenda Kondoa, kwa rafiki aliyesoma naye, ajifunze cherehani. Sikumzuia. Nilimpa begi langu la safari za semina, lile lenye zipu nzima, na nikamsindikiza mpaka stendi. Nilirudi kwa wakati wa kuwatembelea wagonjwa.

Kilichokuja baada ya hapo hakikuwa huzuni. Huzuni naijua, nilipofiwa na mume niliijua vizuri. Hiki kilikuwa ganzi tu. Ukiukalia mguu muda mrefu, ukisimama unaona unakanyaga lakini husikii chini. Nilikuwa hivyo mwili mzima na roho yake. Nilipika mlenda, nikala, nikaosha sahani, nikashindwa kukumbuka kama nilitia chumvi. Kaka yangu mkubwa alipofariki kule Kongwa nilisimama kando ya kaburi nikawa naangalia jinsi wachimbaji walivyokunja suruali zao, mmoja mara mbili, mwingine mara tatu. Akina mama walinizunguka wanilinde nisianguke. Sikuwa na mpango wa kuanguka. Walisema mwalimu ana imani.

Na mambo ya Mungu niliyaendeleza yote. Pengine hilo ndilo litamshangaza msomaji, lakini ni kweli, halikupungua hata moja. Ngozi ya mbuzi, kalenda, wagonjwa, Alhamisi, jumuiya. Nikiombwa kufungua kwa sala nilifungua, na watu waliitikia amina kwa nguvu. Nilimwombea kila mtu kwa jina lake. Binti yangu pia nilimwombea, katikati ya orodha, baada ya viongozi wa nchi na kabla ya mvua.

Tulipigiana simu wakati wa sikukuu. "Hamjambo?" "Hatujambo, mama." "Mtoto?" "Anakua." Alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Nilijua jina lake na siku aliyozaliwa, na mambo kama hayo nilikuwa nayaandika kwenye karatasi za jumuiya kuhusu watoto wa watu ambao sikuwahi kuwaona.

Ikapita miaka mitatu hivyo. Kisha mwaka jana tukabadilisha rejista ya washiriki. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni, na baraza likaamua kwamba kabla ya kuhamisha majina tusafishe kwanza: aliyetengwa akapitisha miaka mitatu bila kuonekana, jina lake lisomwe mara ya mwisho, Jumapili ya kumalizia mwaka wa kanisa, kisha lisiandikwe kwenye kitabu kipya. Majina yalikuwa saba. Mchungaji alinipa karatasi mkononi, na hakuiachia mara moja.

"Mwalimu, bado kuna mwezi," akasema. "Mfuate. Akija kusimama hata siku moja tu, jina linabaki na mtoto tunambatiza siku hiyohiyo. Nitambatiza mwenyewe."

Basi nikaelewa kilichokuwa mbele yangu. Asiporudi, nitakuwa nimemtoa mara mbili, kwa mdomo uleule. Na mjukuu wangu atakuwa mtoto wa mtu ambaye hayumo. Nililielewa kama mtu anavyoelewa ratiba ya basi. Nikafunga zabibu kwenye mfuko, nikafunga mlenda mkavu kwenye gazeti, nikaenda Kondoa.

Niliuliza njia kwa wauza duka, nikaelekezwa nyumba iliyo nyuma ya msikiti. Kwenye baraza ya nyumba kulikuwa na cherehani, na juu ya kamba zimetundikwa kanzu ndogo nyeupe na mitandio ya watoto wa madrasa, nyingi, zote za kimo kimoja. Mtoto wa kike alikuwa ameketi chini anapanga vifungo. Aliinua uso, akanitazama, akageukia mlango.

"Bibi! Kuna mgeni!"

Kisha akavuta kigoda, akakifuta kwa kiganja. "Mgeni, kaa hapa."

Akatoka mama mtu mzima, Mrangi, mama wa yule rafiki aliyesoma na binti yangu, mwenye ushungi wa kijani, kanizidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunitazama usoni bila haraka.

"Wewe ndiye mama yake," akasema. "Pua ni ileile. Karibu sana, mama. Karibu kwako." Akamwambia mtoto, "Huyu ni bibi yako, mama yake mama. Mwamkie."

Mtoto alimtazama yeye, akanitazama mimi. Ilikuwa hesabu ngumu kwake. "Shikamoo, mgeni," akasema.

Nikaitikia. Nilijua kwamba mtu mwingine mahali pangu angelia. Nilifungua mfuko nikatoa zabibu.

Binti yangu alirudi kutoka dukani na nyuzi. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na miwani ambayo sikuijua. Aliniamkia kwa kupiga goti kama nilivyomfundisha, akauliza kama nilikuja na basi la asubuhi, akaketi kwenye cherehani kwa kuwa kazi ilikuwa ya kukabidhiwa siku hiyo. Mwenye nyumba akamchukua mtoto kwenda naye uani, makusudi, nadhani.

Nikaeleza habari ya rejista. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, na nikamaliza na ahadi ya mchungaji. Yeye alikanyaga mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Unataka nirudi?"

"Kanisa linakutaka."

"Nimekuuliza wewe, mama."

Nilitafuta. Kweli nilitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko wa ndani kutafuta ufunguo. "Nataka jina lako lisifutwe," nikasema.

"Jina," akasema. Alikunja kanzu aliyomaliza, akaiweka juu ya nyingine. "Mama, siku ile nilikuja."

"Siku gani?"

"Siku uliyonisoma. Ulipoondoka nami nikaondoka. Nilisimama nje, upande wa mashariki, dirisha la tatu. Jua lilikuwa kali mno na nilikuwa na kichefuchefu. Sikuja kukuzuia, nilijua lazima usome. Nilitaka kukusikia tu. Nilijiambia, sauti yake ikitikisika ikifika kwangu, hata kidogo, mimi naingia. Nitakaa lile benchi la nyuma. Nitakaa hata mwaka mzima, mtoto nitamzalia hapohapo." Akachukua kanzu nyingine. "Haikutikisika."

"Nilijikaza," nikasema.

"Ulijikaza vizuri."

Hakusema kwa hasira. Ningeweza kuvumilia hasira. Hasira nimekutana nayo darasani miaka yote, naijua dawa yake. Alisema kama fundi anayekubali kwamba kazi ya fundi mwenzake imenyooka. Kisha akaanza kukanyaga tena.

Tulikula wali na maharage ya nazi. Mwenye nyumba aliniwekea mnofu wa samaki ambao wengine hawakupata. Nilimshukuru kwa kumtunza mwanangu, nikamwambia Mungu atamlipa, maneno ambayo yananitoka yenyewe. Alikuwa anajiandaa kwenda kutia udhu, akasimama kidogo mlangoni.

"Siku ya uchungu nilitaka kukupigia simu," akasema. "Akanikataza. Akasema leo ni Jumapili, mama anasoma."

Jioni binti yangu alinisindikiza stendi akiwa amembeba mtoto mgongoni. Basi lilipowashwa alinishika mkono dirishani. "Soma tu, mama. Mimi sina neno na wewe. Usikose usingizi kwa ajili yangu."

Sikukosa usingizi. Nililala vizuri usiku ule na uliofuata, na hilo ndilo lililonitisha.

Zilibaki wiki tatu. Nilifanya jambo ambalo naona haya kuliandika: nilijifunza. Asubuhi, baada ya sala, nilisimama mbele ya kabati la vyombo na kulisoma jina lake kwa sauti, nikijaribu kuitikisa. Haikutikisika. Nilijaribu kulisoma polepole. Nilijaribu kufikiria kichefuchefu, jua, kanzu ndogo kwenye kamba, yule mtoto akinifutia kigoda. Jina lilitoka limenyooka, kila herufi mahali pake, tayari kwa imla. Mwanamke wa miaka sitini na mbili anajifundisha kulia mbele ya vikombe. Nilijicheka, na kicheko nacho kilikuwa kikavu. Nikamwambia Mungu, kwa mara ya kwanza bila kumpangilia maneno, kwamba nimemfanyia kila kitu na sijui kama aliomba hata kimoja.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa. Nilisoma habari ya kwaya, ya wagonjwa, ya zamu ya kufagia. Nikafika kwenye majina saba. Nilisoma la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano lilikuwa la kwake. Nikasimama hapo.

Waliokuwepo walisema baadaye kwamba mwalimu alizidiwa na uchungu. Si kweli, na nisingependa kusifiwa kwa lisilo la kweli tena. Nilisimama kwa sababu nilijua kwa hakika, kama ninavyoijua mikono yangu, kwamba nikilisoma litatoka limenyooka. Nilimgeukia kijana aliyeketi benchi la wazee, mwalimu wa kwaya ya vijana, aliyesoma Sunday School pamoja na binti yangu. Nikampa karatasi na kumwonyesha mstari kwa kidole.

"Niendelezee," nikamwambia.

Nikashuka, nikapita katikati ya watu na kutoka kwa mlango wa mashariki. Hakuna aliyenizuia, nadhani walidhani nakwenda kunywa maji. Nikahesabu madirisha. La tatu liko juu kuliko nilivyodhani. Mtu wa kimo changu haoni ndani, anaona nondo na dari tu. Ardhi pale ni nyekundu na ngumu, na saa nne na nusu asubuhi jua linapiga ukuta na ukuta unalirudisha. Nilisimama nimeutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Ndani, yule kijana akakohoa. Akaanza kusoma. Alitamka jina la kwanza, na likakatika. Akanyamaza. Nilisikia benchi likilia, mtu fulani akivuta pumzi. Akaanza upya, jina la kwanza, la pili, na alipofika lile la baba yake sauti yake ilikuwa inatetemeka kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa bila kujua somo lake. Alilimaliza hivyohivyo, akiwa amelivunja vipandevipande.

Likaniingia. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nililisikia jina la mwanangu likitolewa nje kupitia dirishani, na nje kwenyewe nilikuwepo mimi. Niliumia. Niliumia kifuani, mgongoni, nyuma ya macho, niliumia miguu. Nilishika ukuta kwa viganja vyote viwili, na ulikuwa wa moto, na niliusikia kwamba ni wa moto. Nililia kwa sauti mbaya isiyofaa kusoma kitu chochote.

Ndani walimaliza. Watu wakaanza kutoka kwa mlango wa mbele, kuelekea uwanjani kwenye mnada. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikampigia nikiwa palepale.

"Mama? Si uko ibadani?" Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda.

"Niko nje," nikasema. "Dirisha la tatu."

Cherehani ikanyamaza. Nilimsikia anapumua. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na sauti yangu yote ilikuwa imeharibika. Sikuweza kutoa hata neno moja kamili. Nilimwita tu jina lake, na likanikatikia katikati. Yeye akasikia. 

"Hapo jua linachoma, mama," akasema mwishowe, taratibu. "Sogea kushoto. Kwenye ile kona kuna kivuli kidogo, na kuna tofali la kukalia. Mimi nilikaa hapo mpaka yule jogoo alipopata mnunuzi."

Nikasogea kushoto. Tofali lilikuwepo. Nikakaa.